Lipa Ukipokea: Nani Asubiri Kati ya Kariakoo na Ruangwa?

Matangazo ya maduka ya Instagram yanayochukua bidhaa Kariakoo yana sentensi inayojirudia mpaka wateja wameizoea: Dar unalipa ukipokea mzigo, mikoani unalipia kwanza. Mtu wa Sinza au Tabata akiagiza viatu, bodaboda anamfikishia mlangoni, anavijaribu, analipa. Mtu wa Nachingwea au Ruangwa akiagiza viatu hivyohivyo kwa bei ileile, anatuma hela leo kisha anakaa kusubiri. Muuzaji ni yuleyule na bidhaa ni ileile. Kilichoongezeka ni umbali, na umbali ni hatari ambayo lazima mtu aibebe.

Mjadala wa kulipa baada ya kupokea mara nyingi huendeshwa kana kwamba ni ugomvi wa noti na simu, au wa watu wa zamani na vijana wa mtandaoni. Ukiutazama kutoka wilaya hizi mbili za mkoa wa Lindi, swali linakaa vingine: mzigo ukiwa njiani, nani awe anasubiri, na wakati anasubiri ameshika nini mkononi?

Njia ya mzigo

Nachingwea na Ruangwa ziko zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam. Nachingwea iliwahi kuwa na reli yake, iliyojengwa kutoka pwani kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940. Mradi ulianguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Tangu hapo karibu kila kitu kinaingia kwa barabara. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 liliondoa adha ya kusubiri kivuko cha Ndundu kwenye mto Rufiji, lakini halikuondoa mashaka yote ya safari. Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo ya Kilwa, magari yakakwama. Katika siku kama hizo, mteja aliyekwisha kulipia anabaki na meseji ya muamala, na aliyepanga kulipa akipokea anabaki na hela yake.

Vifurushi vingi vya wateja wa huku husafiri kwa basi. Muuzaji anapeleka boksi kwenye ofisi ya basi la kusini, anaandika juu yake jina na namba ya simu, analipia nauli ya mzigo au anaacha ilipwe na mpokeaji, anapewa risiti, anaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Kesho yake mteja anaufuata stendi. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilizipa nyumba namba na mitaa majina, ila kondakta hana kazi na namba ya nyumba. Anataka mtu aje stendi kabla basi halijageuza. Anayeishi Mnacho, Mandawa au Naipanga anaongeza gharama ya bodaboda au anamwomba mtu wa mjini amchukulie.

Kwa hiyo kifundo cha kwanza ni cha kiutendaji. Kulipa ukipokea kunahitaji mtu wa upande wa muuzaji awepo mahali pa kupokelea, achukue hela na kuifikisha. Dar mtu huyo ni bodaboda anayerudi dukani jioni. Ruangwa, muuzaji hana mtu. Kondakta kazi yake ni nauli, na wakala wa basi analipwa kusafirisha mizigo, hakuajiriwa kukusanya madeni ya wengine.

Hofu ya mnunuzi

Hofu ya mnunuzi ina sababu. Ni Watanzania wachache wenye simu ambao hawajawahi kupokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa miaka watu wameonywa wasitume fedha kwa mtu wasiyemfahamu, na muuzaji wa mtandaoni, hata awe mwaminifu kiasi gani, anaomba jambo hilohilo: tuma hela kwenye namba hii, kisha niamini. Picha za bidhaa zinaweza kunyofolewa kwenye tovuti za China. Wafuasi wa ukurasa wananunulika. Akaunti inaweza kubadilishwa jina usiku mmoja na mteja akabaki anatafuta duka ambalo halipo tena.

Hata hivyo, utapeli wa mtandaoni una sura mbili, na kulipa ukipokea hakuzitibu zote kwa kipimo kimoja. Sura ya kwanza ni kutotumiwa kitu. Hiyo inakufa papo hapo, kwa kuwa mzigo usipofika hela haitoki. Sura ya pili ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia: simu iliyoelezwa kuwa mpya inakuja na betri iliyochoka, gauni la picha linakuja kwa kitambaa kingine, kiatu namba 42 kinakuja 40. Hapa mteja ananusurika tu akiruhusiwa kufungua boksi kabla ya kulipa. Kwenye ofisi ya basi, palipo na foleni, mara nyingi mteja huambiwa alipe kwanza ndipo achukue mzigo. Amelipa akipokea, ni kweli, lakini amelipa kabla hajaona. Anayetaka kufaidi utaratibu huu aulizie mapema jambo moja: nitaruhusiwa kufungua?

Sheria nazo zipo. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki na Sheria ya Makosa ya Mtandao, na Tume ya Ushindani ina jukumu la kumlinda mlaji. Lakini chukua viatu vya shilingi 35,000. Kumfuata muuzaji Dar es Salaam, kulala, kuzungushwa na kurudi kunagharimu kuliko viatu vyenyewe. Ngazi ya haki ikiwa ghali kuliko mali inayodaiwa, mtu hutafuta ulinzi usiohitaji safari, na ulinzi huo ni kutotoa hela mpaka aone. Ndiyo maana elimu kwa umma peke yake haitawafanya watu waache kupenda kulipa wakipokea.

Kuna pia mshindani ambaye wauzaji wa mtandaoni humsahau: duka la mtaani. Tuseme, kwa mfano tu, kiatu cha 30,000 Kariakoo kinauzwa 42,000 Nachingwea mjini. Mteja akikiagiza mwenyewe, nauli ya mzigo ikawa 5,000 na bodaboda 3,000, kinamfikia kwa 38,000. Ameokoa 4,000. Hayo ndiyo malipo anayopewa kwa kubeba hatari ya kutapeliwa, kungoja siku mbili tatu na kupata saizi isiyomtosha. Kwa wengi haitoshi. Wakilazimishwa kulipia kwanza watanunua kwa jirani, na ile 4,000 iliyozidi wataiona kuwa bei ya kujaribu kabla ya kulipa.

Hesabu ya muuzaji

Muuzaji naye ana hesabu zake, na si za uchoyo. Tuendelee na mfano. Anatuma vifurushi 10 vya kulipia wakipokea, kila kimoja kikiwa na faida ya 8,000 na nauli ya basi 5,000 ambayo mteja atailipa pamoja na bei. Wote wakilipa, anapata 80,000. Watatu wasipokuja stendi, faida ya saba ni 56,000, lakini vifurushi vitatu vinarudi na kila kimoja kinamla nauli ya kwenda na kurudi, 10,000. Anabaki na 26,000. Wakikataa watano, faida ya 40,000 inamezwa na hasara ya 50,000, na amefanya kazi wiki nzima kumlipa mwenye basi. Hapo hatujahesabu mtaji uliokaa njiani, boksi lililopondeka, wala gauni lililorudi wakati fasheni imeshapita.

Kuna atakayeficha hasara hiyo kwenye bei. Akijua kwamba sehemu ya wateja hawatalipa, anapandisha bei kwa wote, na yule mwaminifu wa Ruangwa analipia utani wa mtu aliyeagiza kwa kujifurahisha akazima simu. Hii ndiyo kasoro kubwa ya mtindo huu: kuagiza hakumgharimu mteja chochote, na kitu kisicho na gharama huagizwa bila kufikiri.

Lakini si kila anayekataa mzigo ni mtu wa utani. Wilaya hizi zinaishi kwa korosho, ufuta na mbaazi, na fedha inaingia kwa misimu. Ufuta huuzwa karibu na katikati ya mwaka, na minada ya korosho huanza kuchangamka kuanzia Oktoba. Katikati kuna miezi mikavu, na humohumo ndimo mikorosho inapotaka kupuliziwa dawa na mashine inapotaka vipuri. Mtu anaagiza kipuri akitegemea malipo ya ufuta. Mnada umefanyika, hela haijaingia. Basi linafika, wakala anapiga simu, na mteja ambaye wiki iliyopita alikuwa na nia kamili hana cha kulipa. Muuzaji wa Dar anamwita msumbufu. Kumbe amekutana na kalenda ya chama cha ushirika.

Aliyezoea kusubiri

Kusubiri malipo si jambo geni kwa watu wa huku. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, mkulima anapeleka mazao kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, AMCOS, yanapimwa, yanakwenda ghala kuu, yananadiwa chini ya chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, kisha fedha inaingia benki baada ya makato. Mfumo umeleta ushindani wa bei usiokuwepo zamani. Hata hivyo, katika siku zote hizo mkulima amekwisha kutoa mali na hajashika fedha. Msimu wa 2018/19, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo waliongoja malipo kwa miezi huku uhakiki ukiendelea.

Anayeshindwa kungoja huangukia kangomba: anapewa hela mapema kwa bei ya kutupa, na korosho zikiiva si zake tena. Serikali imeipiga marufuku kangomba, lakini inadumu kwa sababu inauza kitu ambacho mkulima anakihitaji, yaani muda. Weka biashara hizi mbili pamoja uone. Akiuza, mkulima anatoa mali kwanza na kungoja fedha. Akinunua mtandaoni, anatoa fedha kwanza na kungoja mali. Kila upande yeye ndiye anayemkopesha mwenzake bila riba. Lipa ukipokea ni miongoni mwa nafasi chache ambapo mtu wa mbali, mwenye mtaji mkubwa zaidi, ndiye anayengoja. Mteja anapoing'ang'ania, anadai zamu yake.

Kudai zamu hakumaanishi kwamba muuzaji anaweza kuitoa. Wauzaji wengi wa Instagram hawana ghala wala mtaji. Ni vijana wanaopokea oda, wanakimbia Kariakoo kuchukua bidhaa dukani kwa mtu mwingine, wanaongeza chao na kutuma. Kumtaka huyo agharimie mzigo wa Ruangwa kwa siku tatu ni kumtaka mtu asiye na kitu amkopeshe mwingine asiye na kitu.

Walikopita wengine

Mtindo wenyewe si wa intaneti. Posta ya Marekani ilianza kupokea malipo ya vifurushi kwa niaba ya wauzaji Julai 1913, na wakulima wa mbali na miji walikuwa miongoni mwa walionufaika. Kilichowezesha ni kwamba tarishi alikuwa mtu wa tatu: alibeba mzigo, akapokea fedha, akaifikisha, akiwa na shirika linalowajibika nyuma yake. India, kampuni ya Flipkart iliingiza malipo ya mlangoni mwaka 2010 na kuwavuta wanunuzi wasio na kadi za benki au wasioziamini.

Afrika imeonja tamu na chungu yake. Kampuni ya mauzo ya mtandaoni ya Jumia, iliyoanzia Nigeria mwaka 2012, iliwazoesha wateja wengi kulipa wakipokea, Tanzania ikiwemo, mpaka ilipofunga shughuli zake nchini Novemba 2019. Haitakuwa haki kuutupia mtindo huu lawama yote ya kufungwa huko, lakini gharama za kufikisha mizigo na kurudisha iliyokataliwa ni mzigo kwa kampuni ya aina hiyo popote ilipo. Konga, kampuni nyingine ya Nigeria ya biashara hiyo, ilisitisha malipo ya mlangoni mwanzoni mwa 2018. Na kuna hatari inayozidi hasara ya nauli: Machi 2017, mjini Port Harcourt, mpeleka mizigo aliuawa na watu walioagiza simu kwa ahadi ya kulipa wakizipokea. Mtu anayezunguka na mali na noti za watu ni shabaha, na bodaboda wa njia za vijijini jioni hayuko salama kuliko yule wa mjini.

China ilishika njia nyingine. Soko la mtandaoni la Taobao lilipoanza mwaka 2003, wanunuzi na wauzaji hawakuaminiana, na huduma iliyokuja kuitwa Alipay ikazaliwa kwa kazi moja: kushika fedha ya mnunuzi hadi athibitishe amepata alichoagiza. Mnunuzi hakushika tena hela, na muuzaji alikuwa bado hajaipata, lakini wote walijua ipo. Kungoja kulibaki palepale. Kilichoondoka ni woga wa kungoja.

Hela ya simu si dawa ya kila kitu

Tanzania tayari ina nusu ya mfumo kama huo wa Alipay. M-Pesa ilizinduliwa nchini mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na leo hata mwenye kibanda cha chai ana lipa namba ukutani. Kulipa ukipokea hakulazimishi noti: mteja anaweza kufungua boksi stendi, akaridhika, akalipa kwa simu palepale na muuzaji wa Dar akaona muamala kabla boksi halijaondoka. Hapo hatari ya kubeba keshi inatoweka, na muuzaji hahitaji mtu wa kumkusanyia fedha. Anachohitaji ni mtu wa kuzuia mzigo mpaka yeye aseme umelipwa.

Njia hii nayo ina mianya. Kuna meseji za kughushi zinazofanana na za mtandao, na kuna mteja anayelipa, anaondoka na mzigo, kisha anapiga huduma kwa wateja kudai alikosea namba arudishiwe. Kinga ni kuangalia salio badala ya kuamini meseji, na kupokelea kwenye lipa namba ya biashara badala ya namba binafsi. Gharama pia zina uzito wake: tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilizua malalamiko mpaka serikali ikaipunguza, na ilionyesha jinsi watu wanavyorudi haraka kwenye noti makato yakizidi.

Nusu inayokosekana ni ya kushika fedha katikati. Kuendesha mfumo wa malipo kunahitaji leseni ya Benki Kuu chini ya sheria ya mwaka 2015, kwa hiyo hili haliwezi kuachiwa kila mwenye duka na daftari lake. Ni kazi ya mitandao na mabenki: muamala unaozuiliwa hadi mpokeaji athibitishe kwa namba ya siri, na unaorudi wenyewe siku zikipita. Huduma kama hiyo ingewafaa watu wa wilaya hizi kuliko kampeni kumi za kuwahimiza waamini mtandao.

Nani abebe nini

Wakati huduma hiyo inangojwa, watu wanajitafutia njia. Wapo wanaomtuma ndugu aliyeko Dar apite dukani, akague na kulipa. Ni njia nzuri kwa kitu ghali kama simu au mashine, ila ndugu huyo hawezi kusumbuliwa kwa kila gauni. Wapo wenye maduka ya Ruangwa na Nachingwea wanaokusanya oda za majirani, wanaagiza kwa mkupuo, na mteja analipa akishajaribu. Hao, bila kuitwa kampuni za mtandao, wamekuwa mtu wa kati anayejulikana kwa sura, na akikosea anafahamika anakokaa.

Naona njia yenye haki kuliko zote ni ile ya kutanguliza nauli. Mteja analipa mapema nauli ya mzigo peke yake, na bei ya bidhaa anailipa akishafungua boksi. Irudie ile hesabu ya vifurushi kumi. Watatu wakikataa, muuzaji anapoteza nauli ya kurudi tu, 15,000, na anabaki na 41,000 badala ya 26,000. Wakikataa watano, bado ana faida ya 15,000 pale ambapo mwanzo alikula hasara ya 10,000. Mteja naye hachezi bure, kwa sababu akizima simu 5,000 yake imekwenda. Lakini akitapeliwa, amepoteza 5,000 na si 35,000. Kila mmoja amebeba hatari anayoweza kuidhibiti.

Utaratibu huu haufai kila bidhaa. Nguo na viatu, ambavyo lazima vijaribiwe, vinauhitaji zaidi. Bidhaa ambayo mteja ameshainunua kwa muuzaji yuleyule mara kadhaa anaweza kuilipia kwanza, apunguziwe bei. Kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vya mtu, au jezi ya timu ya soka ya Namungo iliyochapishwa jina la mteja mgongoni, muuzaji ana haki kudai sehemu kubwa kabla, maana kikikataliwa hakina mnunuzi mwingine. Dawa na vipodozi visinunuliwe kwa mtindo wowote kutoka kwa mtu asiyejulikana. Kulipa ukipokea hakukwambii kilichomo ndani ya kopo.

Mkoa wa Lindi una karibu watu milioni 1.2, na katika wiki za malipo ya ufuta na korosho, Ruangwa na Nachingwea zina fedha ambayo maduka ya mitaani hayaimalizi. Muuzaji wa Dar anayetaka sehemu yake atafute duka moja la kumpokelea mizigo mjini, alilipe kamisheni, aruhusu boksi kufunguliwa, adai nauli kabla, na aulize tarehe ya mnada kabla hajapakia mzigo kwenye basi. Akifanya hivyo hatakuwa amewapa wateja wa kusini upendeleo. Atakuwa amekubali kungoja kidogo, kazi ambayo wao wamekuwa wakiifanya kwa ajili ya wengine kila msimu.